Vidonge vya Damu na Chai ya Ratemo

Siku katika nyumba ya Ratemo ilianza kwa chai, na aliyeipika ni Ratemo mwenyewe. Wanaume wengine wa Roret walimcheka kwa kuingia jikoni. Hakujali. Alikuwa na mashina elfu mbili ya chai, aliyoyapanda kwa mikono yake tangu alipohamia hapo kutoka Kisii. Mtu aliyepanda chai, alisema, hawezi kumwachia mwingine aiharibu motoni. Akifungua pakiti ya chai ya dukani mbele ya wageni, aliwaambia kwamba baadhi ya majani yale yalitoka shambani kwake. Hakuna aliyeweza kumpinga, maana hakuna aliyeweza kujua.

Mwaka huo wa 1977, mkewe Drusilla alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilikuwa mimba yake ya nne. Alipojifungua mara ya tatu alitokwa na damu nyingi mpaka akazimia. Walimkimbiza hospitali kwa gari la kubebea majani ya chai, akapona kwa bahati tu. Kwa hiyo safari hii Ratemo alikuwa na hofu, ingawa hakuisema.

Mkunga wa dispensari aliitwa Mellen. Alimchoma Drusilla kidole, akadondosha tone la damu kwenye karatasi nyeupe, akalilinganisha na kadi yenye rangi nyekundu za namna namna. Tone lilikuwa hafifu.

"Damu yako ni kidogo," Mellen alimwambia. "Ukija kuzaa hivi, na utokwe na damu kama ile ya mwaka juzi, nitashindwa kukuokoa. Meza vidonge vya damu. Mwezi ujao tutapima tena."

Vidonge vilitolewa kwenye dirisha dogo. Nyuma ya dirisha alikaa Wacera, msichana kutoka Nyeri, mwenye cheti cha utoaji dawa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hiyo pale, naye alijua hivyo. Koti lake lilikuwa jeupe pepepe. Aliongea haraka, kama mtu aliyechelewa safari.

"Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Anayefuata."

Drusilla alitii. Kila asubuhi Ratemo alimwita, "Mama Phelis, dawa," akampa kidonge na kikombe cha chai iliyochemka vizuri. Mchana walibeba chai kwenye chupa mpaka shambani. Jioni ilikuwa vivyo hivyo. Hawakukosa hata siku moja.

Mwezi uliisha. Mellen alipima tena, na tone lilikuwa hafifu vilevile. Drusilla alienda dirishani kuchukua vidonge vingine. Wacera aliisoma kadi yake ya kliniki, akamtazama.

"Mama, wewe humezi hizi dawa," alisema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. "Unazitupa wapi?"

"Nameza."

"Ungekuwa unameza, damu ingepanda. Dawa haidanganyi."

Kama dawa haidanganyi, basi anayedanganya ni nani? Watu wote kwenye foleni walielewa, na mmoja wao alikuwa Kebaso, ndugu wa Ratemo. Drusilla alipokea vidonge vyake, akakunja bahasha, akaenda zake.

Alikuwa na swali pia, na swali hilo alirudi nalo nyumbani. Tangu aanze vidonge vile, choo chake kilikuwa cheusi. Aliogopa kwamba kitu fulani kinaoza tumboni. Lakini kwao mwanamke hataji mambo ya tumbo lake mbele ya shemeji, na Kebaso alikuwa amesimama nyuma yake hapo hapo. Basi aliendelea kumeza dawa huku anaogopa. Mimi huyo namwita shujaa. Ila aliapa kwamba dirishani pale hatasimama tena.

Kliniki ya kila wiki ilipita mara mbili bila Drusilla kuonekana. Mellen alimuuliza Wacera alimwambia nini yule mama. Wacera alirudia maneno yake bila wasiwasi. Aliyaona ni ya haki.

"Mambo ya dawa unayajua kuliko mimi," alisema Mellen. "Lakini yule mama namjua. Akisema anameza, anameza. Kama damu haipandi, iko kitu hujamuuliza. Na amebakisha miezi mitatu tu."

Maneno hayo yalimchoma Wacera. Alikuwa amesoma kuwashinda wenzake wengi, na hakuzoea kuambiwa kwamba hajui kitu. Lakini Jumamosi alivua koti jeupe, akauliza njia, akapanda kilima kwenda kwa Ratemo.

Ratemo alimpokea kwa heshima isiyo na kicheko. Alimpa kiti na kikombe. Wacera hakungoja chai ipoe.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Nilikuaibisha mbele ya watu, na sikukuuliza kitu."

"Asante," Drusilla alijibu. "Lakini msamaha hauondoi lile jina. Watu bado wanasema natupa dawa. Saa ya dawa imefika. Kaa hapo uone kwa macho yako."

Ratemo alileta kidonge na kikombe. Drusilla aliweka kidonge ulimini, akakisukuma kwa mafunda matatu ya chai, kisha akafungua mdomo na kuuonyesha.

"Sasa nimetupa wapi?"

Wacera alikitazama kikombe. Hapo alielewa yote, na neno likamfika mdomoni. Lakini alimwona Ratemo, amesimama na birika lake mkononi kama mzee wa kanisa aliyeshika sahani ya sadaka. Akiongea alivyoongea dirishani, nyumba hiyo haitamsikiliza tena, na mama huyu ataingia kuzaa bila damu. Akaanza kwa kuuliza.

"Kila mara unameza na chai, mama?"

"Kila mara. Huyu ndiye ananipikia."

"Na hamjakosa siku hata moja?"

"Hata moja," alisema Ratemo.

"Basi sijaona nyumba inashika dawa namna hii. Kosa ni langu. Nilisema mara tatu kwa siku. Sikuuliza mtamezea nini."

Akawaeleza polepole. Kidonge kile kina madini ya chuma, na mwili hutumia chuma hicho kutengeneza damu. Chai ina kitu kinachoifanya iwe kali ulimini. Vikikutana tumboni, ule ukali hushika chuma kabla mwili haujakichukua. Kingi hutoka tu chooni. Dawa imemezwa kweli, lakini damu haipati kitu.

Ratemo aliweka birika chini. "Unasema chai yangu ni mbaya?"

"Sijasema hivyo, mzee. Chai nzuri ni ile kali, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na ukali ndio unashika dawa. Chai maji maji ingeshika kidogo tu. Ya kwako ina nguvu."

Ratemo alifikiri. Alitafuta mahali pa kukasirikia, hakupaona. Mwishowe uso wake ulianza kung'aa. Alimgeukia mkewe, akamuuliza kama amesikia.

Wacera hakuwaamuru waache chai. Katika nchi ile ya chai, ingekuwa sawa na kuwaambia waache kupumua. Aliwauliza siku yao inaendaje, nao wakapanga pamoja. Drusilla huamka saa kumi na moja kukamua ng'ombe. Atameza kidonge wakati huo kwa maji, na chai atakunywa saa moja. Mchana atameza saa sita kwa maji, na akipata pera au chungwa ale, kwa sababu matunda hayo husaidia mwili kuchukua chuma. Chai itakuja saa nane. Jioni atakunywa chai saa kumi wakitoka shambani, na kidonge cha mwisho atameza saa tatu akienda kulala. Tumbo likimsumbua, atameza baada ya kula kidogo.

"Sasa nirudishie, mama," alisema Wacera. "Sikupimi wewe. Najipima mimi, kama nimeeleza vizuri."

Drusilla alirudia saa zote bila kukosea. Ila alisema kwamba asubuhi, kwa kuwa yuko na ng'ombe, atamezea maziwa.

"Hapo sikueleza vizuri," alisema Wacera. "Maziwa nayo yanazuia. Maji tu."

Baadaye wanawake hao wawili walibaki peke yao jikoni. Wacera alimuuliza kama kuna jambo lingine lolote linalomsumbua. Drusilla alichochea moto kwanza. Kisha akasema juu ya choo cheusi, kwa sauti ndogo.

"Ni hiyo dawa," Wacera alimwambia. "Haikudhuru. Ningekuambia siku ya kwanza, ungelala vizuri. Ukiona kinanata kama lami, au tumbo linauma sana, hapo uje mara moja." Pia alimwonya asiache vidonge mahali watoto wanapofika. Mtoto huviona kama peremende, na vidonge vichache tu vinaweza kumuua. Siku hiyo hiyo bahasha ilihamia ndani ya mkebe, na mkebe ukapanda darini.

Sasa Ratemo akawa askari wa saa. Asubuhi hakuwasha moto mpaka saa mbili zipite tangu kidonge kimezwe. Mgeni akija mapema alipewa maji na kuambiwa angoje, chai ya nyumba hiyo ina nguvu nyingi na sharti ipishane na dawa. Alisema hivyo kwa maringo ya kutosha, na watu walimvumilia.

Mwezi uliofuata Mellen alidondosha tone kwenye karatasi, akamwita Wacera kutoka chumba cha dawa aje aone. Lilikuwa jekundu. Wacera alimshika Drusilla mkono mbele ya foleni nzima, akasema kwa sauti ileile ya siku ile, "Huyu mama hakutupa hata kidonge kimoja. Mimi ndiye nilikosea." Kebaso alikuwepo, akasikia. Si watu wengi wenye cheti ukutani wanaoweza kusema hivyo, nami najivunia kumwandika hapa.

Wacera aliweka benchi ndani ya chumba cha dawa na kuanza kuwaingiza watu mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Kila mmoja Wacera alimuuliza, "Nyumbani unamezaje?" Kisha alimwomba amrudishie maelezo. Foleni ilikwenda polepole, na watu walinung'unika. Lakini mzee Irungu wa dukani alieleza mle ndani kwamba dawa yake ya kifua humgawia jirani nusu, kwa sababu wote wawili wanakohoa. Dirishani asingelisema hilo kamwe.

Drusilla alijifungua mwezi wa nane. Mellen alikuwa ametundika chupa ya maji ya kuingiza mshipani, na gari lilingoja nje. Ratemo alikaa nje tangu asubuhi, ameegemea ukuta. Hakuwa ameweka kitu mdomoni, hata chai. Aliiona siku ile nyingine mbele ya macho yake, shuka na damu iliyotiririka mpaka sakafuni.

Mlango ulifunguliwa. Mellen alisema ni msichana, tena mzima.

"Na damu?" Ratemo aliuliza.

"Ya kawaida. Ile chupa nimeitungua bila kuitumia."

Ratemo alilia, na hakujificha. Kisha akashika njia ya sokoni. Huyu ni mtu ambaye kila kitu chake kilikuwa bora, cha kwanza, kikali kuliko vya wengine. Siku hiyo alisimama mlango kwa mlango pale Roret, kifua mbele, na kila aliyemuuliza habari za mkewe alijibiwa neno moja tu: "Kawaida."