Kabati la Bi Mwanatabu

Nilivua kiatu mbele ya wateja nikanusa soksi yangu, maana uvundo ulionipokea ofisini kwa rafiki yangu Elkana, kule Mikindani, ulikuwa wa nyama iliyooza, na soksi zangu zilishawahi kunifukuzisha hotelini Maskati.

"Si wewe, ndugu," akasema. "Ni karatasi hizi."

Mwaka ule wa tisini na nne Elkana alichora ramani za nyumba kwa kompyuta. Ramani hii iliyonuka ilikuwa ya Bi Mwanatabu wa Bofu, na kesho yake mafundi wangechimba msingi. Lakini kila akichapisha, ukutani mwa chumba cha kulala hutokea kisanduku chembamba ambacho hakukichora. Alikifuta, akazima mashine, akapakia programu upya. Kikarudi. Mara umeme ukakatika, chumba kikawa giza, na printa ikaendelea kukwaruza. Karatasi ikatoka imelowa ute, unywele mweupe umeganda juu yake.

Elkana akachoka, akaandika kwenye kisanduku: KABATI.

Bi Mwanatabu alipokuja aliziba pua kwa mtandio, akaitazama ramani.

"Kabati la nini, baba? Huu ni mwanandani, shimo la ubavuni mwa kaburi, humu hulazwa maiti. Sijengi."