Tokeni au Nitoeni

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Fundi alikunywa chai yake amesimama, akamtania mke wake kwamba sukari ya nyumba hii inaogopa maji, akachukua begi lake la spana akaondoka. Mke wake ndiye aliyekuja kuyasimulia haya kwa majirani. Fundi mwenyewe hayataki tena mdomoni mwake.

Alikuwa akifanya kazi kwenye bustani ya michezo, ile yenye farasi wa kuzunguka na magari madogo ya kugongana. Miaka thelathini na moja. Lakini sifa ya bustani ile haikuwa farasi wala magari. Ilikuwa Nyumba ya Bi Kizee.

Unakaa kwenye kiberenge, chuma kinashuka mapajani kukuzuia usianguke, kiberenge kinakuingiza gizani taratibu kwenye reli yake. Kona tatu. Chumba cha mwisho, taa inawaka ghafla, na kizee mchawi anainuka mbele yako, uso umekunjamana, mdomo umeachama, anatoa sauti moja ya kukwaruza. Kisha giza, kisha mlango, kisha jua. Watoto walitoka wanalia, na machozi hayajakauka wanavuta mikono ya mama zao wapande tena. Wengi waliokuwa watoto enzi hizo sasa walikuwa wakiwaleta watoto wao.

Miaka ya karibuni maneno yakawa mengi. Kundi moja likasema mchezo ule uondolewe, unawafundisha watoto kwamba kila bibi mwenye macho mekundu ni mchawi, na vikongwe wa mtaani wanaishi kwa kujificha. Kundi la pili likaja juu: mchezo ni mchezo, mnataka kutufutia utoto wetu? Wakatukanana kwenye simu usiku na mchana. Ndugu wa tumbo moja wakaacha kusalimiana kwa ajili ya sanamu.

Na ndani ya ugomvi huo kulikuwa na ugomvi mwingine mdogo. Bi Kizee anasema nini? Wengine waliapa anasema "Tokeni!", anawafukuza wageni. Wengine wakasema hapana, sikilizeni vizuri. Anasema "Nitoeni."

Fundi alikuwa akijua jibu. Hakuwahi kumwambia mtu.

Asubuhi hiyo Meneja alimwita mlangoni. Nje ya geti makundi yote mawili yalikuwa yamekwisha kufika na mabango yao, maana tangazo lilikuwa limetoka: Bi Kizee anaondolewa, mahali pake panajengwa mchezo wa boti na samaki.

"Fundi, ingia ukakate waya za sanamu na spika," Meneja alisema. "Saa tano waandishi wa habari wanakuja. Sitaki ianze kupiga kelele mbele yao."

"Sawa bosi."

"Na ufanye haraka. Hawa watu watapigana hapa."

Fundi alichomoa fyuzi ya sanamu na fyuzi ya spika, akazitia mfukoni. Umeme wa reli aliuacha, maana njia ya ndani ni nyembamba na ni taabu kufika chumba cha mwisho kwa miguu. Akapanda. Akashusha chuma mapajani kwa mazoea tu. Akabonyeza swichi.

Kona ya kwanza. Nyuma yake mwanga wa mlango ulikatika. Kelele za watu zilikuja kupitia ukuta wa mabati: "Ibaki! Ibaki!" na wengine, "Iondoke!" Kona ya pili. Alipiga mluzi kidogo, akaacha. Mluzi ulikuwa unarudi vibaya.

Kona ya tatu, kiberenge kikasimama kabla hajakisimamisha.

Aliwasha tochi. Bi Kizee alikuwa mbele yake, hatua mbili, ameinama kama anavyoinama akiwa hana umeme. Fundi akashika chuma ili ashuke. Chuma hakikunyanyuka. Akavuta kwa mikono miwili. Akasukuma kwa magoti. Alikuwa amekitengeneza chuma kile kwa mkono wake, na sasa kilikuwa kimemkaa mapajani kizito kama mtu.

Tochi ikafifia. Ikazima.

"Haya basi," alisema Fundi kwa sauti, kama anazungumza na mashine mbovu. "Haya basi, taratibu."

Taa ya chumba ikawaka.

Akatia mkono mfukoni. Fyuzi zote mbili zilikuwepo.

Bi Kizee akainuka. Hakuinuka kwa kushtua, kama siku zote. Aliinuka polepole, kiungo kwa kiungo, kama mzee anayetoka kitandani. Uso ukaja kwenye mwanga. Na Fundi, aliyeupaka rangi uso ule kila mwaka, kwa mara ya kwanza aliutazama.

Uso ule haukuchongwa. Ulichukuliwa kwa mtu.

Alikuwa mwanamke mzee aliyekuwa akifagia bustani. Walimwita Bi Mfagizi. Mchonga sanamu alimpenda kwa mikunjo yake, akamlaza juu ya meza karakanani, akammwagia plasta usoni, akamwachia mirija miwili puani ya kupumulia. Bi Mfagizi alidhani anatengenezewa sanamu ya heshima. Plasta ilipoanza kukaza, akaogopa. Akataka kuinuka.

"Mshike mikono!" mchonga sanamu alipiga kelele. "Akijitikisa itaharibika!"

Aliyemshika mikono alikuwa Fundi. Wakati huo ndiyo kwanza ameajiriwa, ana nguvu za kutosha. Alimshika kwa nguvu, na yule mama akasema ndani ya plasta, kwa mdomo usiofunguka vizuri: nitoeni. Nitoeni. Nitoeni. Mchonga sanamu akacheka, akasogeza kinasa sauti karibu. Akasema hii ndiyo sauti aliyokuwa akiitafuta.

Mchezo ukafunguliwa. Watoto wakamwona Bi Mfagizi mtaani wakamtambua. Walianza kwa kukimbia, wakaja kwenye mawe. Kwenye benchi la zahanati watu walihama akikaa. Akaacha kazi, akajifungia ndani mpaka alipokufa. Fundi hakwenda kumwona hata siku moja.

Sasa alikuwa amemwangalia usoni. Na uso wake mwenyewe ukaanza kupoa.

Ubaridi ulianzia kwenye paji. Ukashuka. Ulikuwa wa majimaji, mzito, ukimjaza machoni, kwenye mikunjo ya pua, pembeni mwa midomo. Alitaka kujipangusa. Mikono haikwenda. Ilikuwa imeshikwa. Alivisikia vidole, kimoja kimoja, vya mtu kijana mwenye nguvu.

Ule ubaridi ukaanza kukaza.

Hakuona tena. Pumzi ilipita kwa shida puani, nyembamba, kama kwenye mirija. Akasikia joto la plasta inayokauka. Akapiga kelele. Kelele haikutoka. Mdomo ulikuwa unagoma kufunguka. Akajaribu tena, na neno pekee lililopita lilikuwa lile.

"Nitoeni."

Nje, kwenye spika ya mlangoni ambayo haikuwa na fyuzi, sauti ile ikatoka.

Watu wakanyamaza. Kisha kundi la Ibaki likalipuka kwa shangwe. Walipiga makofi. Walipiga vigelegele. "Bi Kizee huyo! Anaaga!"

"Nitoeni."

"Mmesikia? Tokeni! Amesema tokeni!"

"Acha uongo wewe, nitoeni!"

"Tokeni!"

Fundi aliwasikia wote. Ukuta wa mabati ulikuwa mkono mmoja tu kutoka alipokaa. Walikuwa wakibishana juu ya neno lake, na pumzi yake inaisha.

"Nitoeni," alisema. Kila aliposema, walishangilia.

Kwenye kundi la Iondoke alikuwepo nesi mmoja, binti wa miaka thelathini na kitu, ambaye ndiye aliyeanzisha madai yote. Hakuwa akipiga kelele. Yeye alikuwa mjukuu wa Bi Mfagizi, na alilelewa na sauti ile. Aliisikia mara tatu, akageuka rangi. Akaruka kizuizi, akampita Meneja, akaingia mle kwa miguu, akibanana na ukuta, akiwasha simu yake.

Alimkuta Fundi ameketi wima, macho yamefumba, mikono imelala juu ya mapaja, viganja juu. Taa ya chumba ilikuwa imezimika. Bi Kizee alikuwa ameinama mahali pake.

"Mzee! Mzee, unaumwa?"

Fundi alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

"Chuma," alinong'ona. "Nyanyua chuma."

Nesi akakinyanyua kwa kidole kimoja. "Hakijafungwa hiki, mzee."

Akammulika usoni. Kuzunguka nywele, kuanzia sikio hadi sikio, Fundi alikuwa na mstari mweupe wa plasta iliyokauka. Nesi akaubandua kwa kucha. Ulitoka na vinyweleo.

Pale pale gizani, watu nje wakiendelea kubishana, Fundi akamwambia yote. Hakuacha kitu. Mjukuu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimshika mikono," alisema.

"Nilimshika, mwanangu."

"Alikuambia umtoe."

"Aliniambia."

Nesi akampa mkono, akamshusha. Hakusema amemsamehe. Fundi naye hakuomba.

Mlangoni Fundi alichukua kipaza sauti cha Meneja. Akawaambia watu anasema nini yule mama, na nani alikuwa amemshika alipokuwa akisema. Mabango yakashuka, moja baada ya jingine, ya upande huu na ya upande ule. Watu waliondoka bila kuangaliana.

Siku ya tatu waliibomoa nyumba ile. Fundi ndiye aliyefungua skrubu za uso. Alipoutoa, upande wa ndani, ule usioonekana na mtu, ulikuwa umelowa ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Akaufunga kwenye kitambaa, akampelekea mjukuu, wakaenda wawili tu kuuzika pembeni ya kaburi la bibi.

Sasa nyumbani kwa nesi kuna chumba cha nyuma, kilichokuwa cha bibi. Tangu bibi afe wamekitumia kuwekea ndoo, magunia, na baiskeli mbovu. Asubuhi baada ya kuuzika uso, nesi alikwenda kuchukua ndoo. Mlango haukufunguka. Aliusukuma kwa bega. Akazunguka, akachungulia dirishani kati ya nondo. Ndoo zilikuwa zimepangwa pembeni, sakafu imefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana vumbini. Hapakuwa na mtu.

Komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Nesi alirudi jikoni, akakaa kidogo. Jioni alikwenda dukani akanunua ndoo nyingine.