Mfupa Uliokataa Picha

Chupa ya vidonge vya moyo vya mama yake ilikuwa imejaa vilevile, havijaguswa. "Nimepona, mwanangu," mama alisema. "Tangu nibusu kidole cha mtakatifu, sina haja navyo." Pumzi yake ilinuka ubani, na nyumba ile haikuwa na ubani.

Mama Mifupa, kama hospitali nzima ilivyomwita binti huyo mpiga eksirei, hakuwa mtu wa kubabaishwa. Alimbana paroko mpaka akakileta kwenye chumba cha eksirei kile kisanduku cha kioo chenye masalia, kidole cha mtakatifu. Paroko alisisitiza kwamba lakiri ya askofu isiguswe.

"Eksirei haivunji kitu, Padri."

Kwa macho, mfupa ulionekana wazi juu ya kitambaa chekundu. Kwenye picha hamkuwa na kitu. Akapiga tena. Hamna.

"Hata mfupa wa kuku ungeonekana!" Alicheka kwa furaha, maana sasa mama angerudia dawa. Akamwita kutoka kwenye benchi la nje aje ajionee mwenyewe.

Mama aliingia, na mlango mzito ukajifunga nyuma yake.

"Nipige na mimi," alisema.

Picha ilipotokea, Mama Mifupa, aliyekuwa ametazama vifua vya watu miaka nenda miaka rudi bila kushtuka, aliona nyuma ya mbavu za mama yake mkono mzima wa mifupa, mrefu kupita wa binadamu yeyote, vidole vimeuzunguka moyo, na ubani ukajaa chumba mpaka machozi yakamtoka, na kitasa alichokivuta kwa mikono miwili hakikusogea.

"Ni jini," paroko alinong'ona. "Watu wamebusu jini." Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubusu; alijishika kifua.

"Mama, masalia ni ya uongo, ni ya uo..." Mama Mifupa alisema.

Midomo ya mama ikapauka. Kwenye skrini, katika picha isiyopaswa kusogea, vidole vilibana.

"Sema ni ya kweli." Sauti ilitoka kinywani mwa mama, lakini haikuwa yake.

"Ya kweli," alilia. "Ni ya kweli!"

Vidole vikalegea. Mlango ukafunguka.

Jumapili Mama Mifupa alisimama mbele ya kanisa lililofurika. "Nimeyapiga picha mwenyewe. Masalia ni ya kweli," alisema, na paroko akainamisha kichwa. Foleni ikaanza kusogea. Mwanamke mmoja akamwinua mtoto wake mchanga, akamsogeza midomo kwenye kioo.

Mama Mifupa alifungua kinywa apige kelele.

Kwenye benchi la mbele, mama yake akakohoa.

Akakifunga.