Kanyere na Kitabu Kinene

Tangu shule zifungwe, kila asubuhi Kanyere alifuatana na mjomba wake, Timothée, aliyemwita tonton, hadi kwenye zahanati ndogo ya mtaani kwao. Ilikuwa mwaka 2000. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yakitazamana mle Kisangani, na watu walitembea huku wametega masikio.

Timothée alikuwa muuguzi. Alimpa Kanyere vitabu viwili vya kujifunza mfumo wa kuendesha kompyuta ya zahanati: kimoja chembamba, chenye picha, cha wanaoanza, kingine kinene kama tofali, cha mafundi. Akamwambia achague anachokielewa. Kanyere alichukua kile kinene, ili binamu yake Exaucée amwone ana akili. Wiki tatu alikariri amri za kompyuta bila kujua maana yake, na kila alipoulizwa alijibu kwamba anaelewa.

Adhuhuri moja mizinga ikaanza kunguruma. Umeme ukafifia, ukarudi. Timothée, aliyekuwa akifunga jeraha la mama mmoja, alimwomba Kanyere anakili kwenye disketi orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu. Ikipotea, nani angejua wanakaa wapi na dawa zao ni zipi?

Kanyere alikumbuka amri ya kuandaa disketi. Akaiandika. Kompyuta ikauliza kama kweli anataka kufuta kila kitu. Madirisha yakatetemeka. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kukubali.

"Tonton," akasema, "nilikudanganya. Ile kitabu kubwa sielewi hata kidogo."

Timothée akaja, akasoma kioo cha kompyuta, akakataa ile amri upesi. Kanyere alikuwa ameelekeza amri kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye disketi.

"Bon, sawa," akasema kwa sauti ya chini. "Leta kile chembamba."

Kilikuwa na picha za hatua zote za kunakili. Kanyere akazifuata polepole mpaka majina yote mia moja na kumi na mawili yakaingia. Timothée akaichomoa disketi na kuitia mfukoni. Muda si mrefu umeme ukakatika kabisa.

Siku sita walijificha. Waliporudi, zahanati haikuwa na paa, na kompyuta ilikuwa imepasuka. Kwa orodha ya disketi, aliyoisoma kwenye kompyuta ya kuazima, Timothée alizunguka akiwatafuta wagonjwa, mmoja mmoja.

"Kitabu cha kukufaa ni kile kinachoanzia pale ulipo, si kile cha kujionyesha kwa watu," alimwambia Kanyere. "Na usione haya kusema hujui. Umechelewa kulisema neno hilo, mwanangu, lakini limewaokoa watu."