Pini za Babu Abdulsultan

Kila Jumamosi asubuhi Azmina alipanda basi na babu yake, mzee Abdulsultan, kwenda kwenye karakana yao ndogo huko Vaughan, Kanada. Babu alitengeneza viti vya magurudumu vya wazee, ambavyo magurudumu yake hushikwa na pini za chuma, na njia nzima alisimulia habari za Tanga. Ah, Tanga ya Babu haikuwa na mwisho!

"Fundi Mbwana alikuwa mlango wa pili tu," alisema Jumamosi moja. "Namwambia, pini iwe ngumu nje, moyo wake laini isije ikakatika. Anaipika motoni, anaizima kwenye mafuta, mimi nakunywa kahawa. Siku hizi fundi wangu yuko India, hata sura yangu haijui." Akaitazama theluji dirishani.

Azmina aliinamisha kichwa. Mwezi uliopita Babu alimpa karatasi ya oda aichape kwa ajili ya fundi huyo wa India: aina ya chuma, ugumu wa nje kwa namba, kina cha ugumu huo, na ulaini wa moyo. Lakini rafiki yake Mumbi alikuwa akimngoja waende kuteleza barafuni. Azmina akachapa mstari mmoja tu: "Pini za chuma, ngumu sana." Akatuma, akakimbia.

Jumamosi hiyo, karakanani, walikuta pini za majaribio zimefika. Babu alibana moja kwenye jiliwa, akaigonga kwa nyundo. Pa! Ikakatika kama biskuti. Ya pili vilevile.

"Lo! Mzee mwenzangu angekalia kiti chenye pini hii, si angevunjika kiuno?" Babu alihamaki. "Fundi huyu ametudanganya. Leo hii namwandikia bosi wake amfukuze!"

Azmina aliushika mkono wa Babu. Mtu asiye na kosa angepoteza kazi. Siku zote alimjibu Babu kwa Kiingereza, lakini leo Kiswahili kilimtoka chenyewe.

"Babu, usiandike. Kosa ni langu. Sikuchapa yote, nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Babu aliketi. "Kumbe! Uliomba ngumu, naye akakupa ngumu mpaka moyoni." Akamsogezea kiti. "Haya, andika upya. Uanze kwa kumwomba radhi, umwambie wewe ni mjukuu wangu."

Wiki sita baadaye pini mpya zilifika. Nyundo ilishuka, pini ikapinda kidogo, haikukatika. Ndani ya boksi mlikuwa na kijibarua: "Safari hii nimewaelewa. Msalimieni mjukuu."

"Huyu naye ni Mbwana kabisa!" Babu alicheka huku akipangusa macho. "Unaona, mjukuu wangu? Fundi jirani ukisahau neno, atakuuliza dirishani. Wa mbali ana karatasi yako tu. Ukiifupisha, yeye ndiye anayelaumiwa. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema siku ile."