Spika Ambazo Gladness Hakuzipima

Kila siku baada ya masomo, Gladness alipita njia ya mkato kutoka shuleni hadi Njoro, kwenye kibanda cha baba yake. Alivua viatu vya shule, akavaa kandambili, akafagia vipande vya nyaya vilivyotapakaa sakafuni, kisha akauliza, "Shikamoo baba. Leo tunapima nini?"

Baba yake, Evaristo, alikuwa fundi wa redio za magari. Miaka hiyo magari ya mitumba yalikuwa yakiingia Moshi kwa wingi, na karibu kila mwenye gari alitaka muziki wenye besi nzito. Watu walishuka kutoka Marangu na Machame kumfuata Evaristo. Lakini macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba uwezo uliokwisha kupotea hautarudi. Dawa ya matone ingelinda tu ule uliobaki. Bado aliweza kuona nyuso za watu, na rangi za nyaya kukiwa na mwanga. Tarakimu ndogo za mita ya kupimia umeme ndizo zilizomshinda. Kwa hiyo Gladness, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyemsomea.

Alhamisi moja alikuja Valerian na pikapu yake. Kijana huyu alipiga muziki kwenye harusi za vijiji vya mlimani. Alileta amplifaya na spika mbili kubwa za besi, zilizokwisha kutumika, na maandishi ya mgongoni yamefutika kabisa.

"Zipime, mwanangu," baba alisema. "Amplifaya hii haitaki mzigo wenye ukinzani ulio chini ya omu nne. Spika zikiwa za omu nane kila moja, nikiziunga sambamba zitakuwa nne, nayo itafanya kazi vizuri bila kuchoka. Lakini zikiwa za nne, nikiziunga hivyo zitashuka hadi mbili. Itavuta umeme kupita kiasi, ichemke mpaka iungue."

Gladness alikuwa ameyasikia hayo mara nyingi. Nje, rafiki yake Mektrida alikuwa akimwita. Mazoezi ya mpira wa pete yalikuwa yameanza, na mwalimu alikuwa akichagua timu. Gladness alizitazama zile spika. Zilifanana sana na zile za wiki iliyopita, ambazo zilikuwa za nane. Mita ilikuwa juu ya rafu. Hakuigusa.

"Nane, baba. Zote mbili."

"Umepima?"

"Nimepima."

Akatoka mbio.

Jumatatu alipofika kibandani alimkuta Valerian amesimama mlangoni, kiganja cha kulia kimefungwa bandeji. Amplifaya na spika zilikuwa chini, karibu na miguu ya baba. Harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa kibanda kizima.

"Tulikuwa Kibosho," Valerian alikuwa akisema. "Mwanzoni ilipiga vizuri. Bibi harusi alipokaribia nikaongeza sauti, mara moshi ukatoka kwenye amplifaya chini ya kiti. Nikaikamata niing'oe kabla pikapu haijawaka. Ngozi yangu ilibaki kwenye chuma. Mzee Evaristo, ninakuheshimu kama baba yangu. Lakini kama ulijua huoni, kwa nini ulinifungia?"

Evaristo alimgeukia binti yake.

"Gladness, ulisoma nane?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Gladness alikitazama kile kiganja.

"Ndiyo, baba. Nane."

Evaristo alitikisa kichwa polepole. "Basi kosa ni langu," alimwambia Valerian. "Nimeunga waya mahali pasipo pake na sikuona. Nisamehe, kijana wangu."

Habari ikaenea mjini kwamba fundi wa Njoro amekuwa kipofu na karibu ateketeze gari la watu. Waliokuwa wameacha redio zao walikuja kuzichukua, wengine bila hata kusalimia. Evaristo alikaa kwenye kiti chake siku nzima, akiinua mkono mbele ya uso wake, akiusogeza karibu, kisha mbali. Nyumbani kwao, mtaa wa Soweto, aliacha kula. Mama yake Gladness, Bernadetha, alimpikia mtori wa ndizi, ukapoa mezani.

"Nitarudi Uru kwenye kihamba, shamba letu la ukoo," Evaristo alisema siku moja.

"Kufanya nini?" Bernadetha aliuliza. "Kahawa yenyewe mdogo wako anaing'oa."

"Kukaa tu. Mikono yangu ilikuwa inafuata macho, Bernadetha. Sasa siiamini tena. Wiki hii imeumiza kijana wa watu. Wiki ijayo itaua nani?"

Bernadetha aliinuka akaenda jikoni, na Gladness akasikia analia. Alitamani kusema, lakini sasa uongo ulikuwa umekuwa mkubwa kuliko yeye. Alikuwa amechaguliwa kwenye timu, naye hakuweza hata kudaka mpira. Alijiona kama mtu aliyemfungia baba yake gizani, kisha akabaki na ufunguo mkononi.

Jumamosi fundi kijana aitwaye Thadeus alikuja kuchukua vifaa ambavyo Evaristo alikuwa amekubali kumwachia. Evaristo alivitia kwenye mfuko kimoja baada ya kingine: bisibisi, koleo, kifaa cha kulehemu. Kila kimoja alikipapasa kabla ya kukiachilia. Alipofika kwenye mita, aliishika asiiachilie.

"Baba, usimpe!" Gladness alipiga kelele. "Sikupima! Nilizitazama tu nikasema nane. Na uliponiuliza tena nikadanganya."

Evaristo alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Chukua mita," alisema kwa sauti ndogo. "Zipime sasa."

Gladness alizivuta zile spika na kugusisha nyaya za mita. "Tatu nukta nne. Na hii... tatu nukta tano."

"Mita husoma pungufu kidogo. Hizo ni za nne." Evaristo alifunika uso kwa viganja. "Kwa hiyo niliziunga kama nilivyokusudia. Sikukosea waya." Mabega yake yakatikisika. Thadeus aliuweka ule mfuko chini taratibu, akaondoka.

Hasira ilikuja baadaye, nayo ilikuwa ya kweli. Evaristo hakumpiga, wala hakumsemesha njia nzima walipokuwa wakienda kwa Valerian. Huko Gladness alieleza yote mwenyewe, machozi yakimtiririka.

Valerian aliinua kiganja chake chenye bandeji. "Nashindwa kushika usukani, mtoto. Sijui nikuambie nini." Kisha akamgeukia Evaristo. "Lakini wewe mzee nilikuonea. Iokoe amplifaya yangu kama inaokoka."

Wote watatu waliporudi kibandani, Evaristo aliifungua ile amplifaya. Akatoa transista zilizoungua, akaweka nyingine kutoka kwenye amplifaya mbovu aliyokuwa nayo. Spika zile aliziunga kwa mfuatano, moja ikipokea kutoka kwa nyingine, zikawa mzigo wa omu nane. Gladness alipima, akasoma kwa sauti, akapima tena.

"Besi itapungua kidogo," Evaristo alisema, "lakini haitachemka."

Waliipiga hadi jioni. Valerian aliigusa kwa mkono wake usioungua. Ilikuwa vuguvugu tu. Akaahidi kuwaeleza watu ukweli. Hata hivyo, si wateja wote waliorudi, na macho ya Evaristo hayakupona.

Walipokuwa wakifunga kibanda, baba alimshika binti yake bega.

"Kutopima lilikuwa kosa la haraka, na kosa la namna hiyo tungelirekebisha siku ileile. Lililoniumiza ni kwamba uliniona nazama, ukarudia uongo. Nilikuwa nayalaumu macho yangu, na siku hiyo hayakuwa na hatia. Mtu akikuamini, hana pengine pa kutazamia ila kwako. Usimwambie umeona kitu ambacho hukukitazama. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Evaristo. "Jumatatu Thadeus anatuletea redio iliyomshinda. Uje mapema."