Kasaine Aliamini Jando Limemkinga

Kasaine na mkewe Silantoi walilima vitunguu Nduruma. Kasaine ndiye aliyepeleka mzigo sokoni Kikatiti. Mara nyingine alilala huko kwa mwanamke mwingine. Hakutumia kondomu. Alijiambia kuwa mwanaume aliyepitia jando hapati virusi vya UKIMWI. Wenzake wa rika lake waliamini hivyo pia.

Silantoi alipopata mimba, walikwenda kliniki pamoja. Walipimwa, wakakubali kupewa majibu wakiwa wote wawili.

Nesi Evaresta aliwaambia taratibu. Silantoi hakuwa na virusi. Kasaine alikuwa navyo.

Kasaine aliomba apimwe tena. Alipimwa, na jibu halikubadilika.

"Lakini mimi nimetahiriwa, sista."

"Tohara humpunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke," alisema Evaresta. "Haiondoi hatari hiyo. Na haimkingi mkeo. Hata aliyetahiriwa anahitaji kondomu."

Kisha akawaeleza la kufanya. Kasaine angeanza siku hiyo dawa za kufubaza virusi, na kuzimeza kila siku. Wangetumia kondomu. Silantoi angepewa dawa za kumkinga, na angepimwa tena wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha. Na kama kuna mwingine aliyelala na Kasaine, naye aambiwe akapimwe.

Walipofika nyumbani Silantoi alibaki amesimama mlangoni.

"Sikuulizi kama umetahiriwa," alisema. "Nakuuliza ulikuwa unalala wapi."

Kasaine alimweleza yote. Silantoi alikusanya nguo zake, akaenda kwa mama yake.

Kasaine alimeza dawa akiwa peke yake. Alikwenda Kikatiti kumwambia yule mwanamke ukweli, akaachana naye. Kila tarehe ya kliniki alimkuta Silantoi pale, wakakaa benchi moja, kila mmoja mwisho wake. Baadaye kipimo kilionyesha virusi vya Kasaine vimefubaa hadi havionekani. Evaresta aliwaeleza kuwa akiendelea hivyo na dawa, hatamwambukiza mkewe kwa kujamiiana.

Silantoi alirudi nyumbani kabla ya kujifungua. Alisema bado hajamsamehe, ila anaona anavyojitahidi.

Alijifungua mtoto wa kike. Silantoi alipopimwa tena, hakuwa na virusi. Kasaine alisimama mbali na kitanda, akiogopa kusogea.

"Njoo umbebe," Silantoi alimwambia. "Ni wako."